Sir Charles Eliot: Bingwa wa Lugha Aliyegawa Bonde la Ufa

Miongoni mwa Wazungu waliotawala nchi hii tangu ilipoitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki mpaka ilipopata uhuru mwaka 1963, ni wachache waliokuwa na elimu nyingi kama Sir Charles Eliot. Na ni wachache waliokaa muda mfupi kama wake kisha wakaacha nyuma yao jambo kubwa kama aliloliacha yeye. Alikuwa Kamishna kuanzia mwaka 1901 mpaka mwaka 1904, basi. Lakini katika miaka hiyo michache ndipo ardhi ya Naivasha, Nakuru na Njoro ilipoanza kutolewa kwa wageni kwa mikataba ya kukodi, na ndipo lilipozuka swali ambalo mpaka leo halijapata jawabu la kumridhisha kila mtu: ardhi inapobadilisha mikono, ni nani anayestahili kulipwa fidia?

Sisi watu wa pwani aghalabu tukisikia habari za Bonde la Ufa hudhani ni mambo ya bara yasiyotuhusu. Si hivyo. Mtu huyu alianzia kwetu, Unguja na Mombasa, na kesi iliyozaliwa na mambo yake ilikuja kusikizwa kwetu. Hapana budi tumjue.

KIJANA WA VITABU

Charles Norton Edgcumbe Eliot alizaliwa tarehe 8 Januari 1862 katika kijiji cha Sibford Gower, jimbo la Oxfordshire, Uingereza. Alisomea Chuo Kikuu cha Oxford, katika chuo cha Balliol, na huko alifagia tuzo za lugha. Hakutosheka na Kilatini na Kiyunani walizozizoea wenziwe. Alishindania tuzo ya Kisanskriti, lugha ya dini ya Wahindi, akaipata, kisha tuzo ya Kisiria nayo akaipata.

Alipoingia kazi ya ubalozi alipelekwa Urusi, katika mji wa St. Petersburg, na akiwa huko alijifunza Kifini mpaka akakitungia kitabu cha sarufi kilichotoka mwaka 1890. Kutoka hapo alifika Tangier katika nchi ya Morocco, kisha Istanbul, makao ya Sultani wa Uturuki. Alikaa huko miaka kadhaa, akajifunza Kituruki na akachunguza jinsi dola ile kubwa ya Kiislamu ilivyoendeshwa. Mwaka 1900 alitoa kitabu juu ya Uturuki ya upande wa Ulaya, wala hakukitia jina lake la haki kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali. Alifika pia Washington na visiwa vya Samoa. Wanaomjua husema lugha alizozisema vizuri zilifika 16.

Huyu ndiye aliyeletwa kwetu. Si askari wala si mfanyabiashara, bali mwanachuoni mwenye haya, mpole wa maneno, ambaye angefaa zaidi kukaa na kitabu kuliko kukaa na bunduki.

UNGUJA NA MOMBASA

Siku hizo mtu mmoja alishika kazi mbili. Alikuwa Balozi Mkuu wa Uingereza huko Unguja, na papo hapo alikuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Unguja ilikuwa chini ya Sayyid Hamoud bin Muhammad, aliyefariki mwaka 1902 na kurithiwa na mwanawe, Sayyid Ali. Mwambao wetu wa maili 10 ulikuwa bado ni milki ya Sultani, nao Waingereza waliukodi kwa mapatano ya mwaka 1895, pauni 11,000 kila mwaka. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa tutalirudia: ardhi ya Sultani ilikodiwa, na mwenyewe alilipwa kodi.

Kazi ya serikali haikumzuia Eliot na mapenzi yake ya ajabu. Alikuwa bingwa wa viumbe vidogo vya baharini, jamaa ya konokono wasio na makombe, wenye rangi nzuri kama maua, wakaao katika miamba na mwani. Maji yanapokupwa wavuvi wetu huwaona, lakini hawana kazi nao. Yeye aliwakusanya katika fukwe za Unguja na mwambao huu, akawachora na kuwaandikia makala katika majarida ya wataalamu wa London. Majina aliyowapa baadhi yao yangali yanatumika katika elimu hiyo hata leo.

RELI NA DENI LAKE

Eliot alipofika, reli iliyotoka Mombasa ilikuwa karibu kufika Ziwa Nyanza. Ilifika Kisumu mwezi Desemba mwaka 1901. Gharama yake ilipita pauni milioni 5, na walipa kodi wa Uingereza walikuwa wakinung'unika. Wakubwa wa London walimtaka Kamishna atafute njia ya kuifanya reli ijilipe yenyewe.

Reli haibebi upepo. Yataka mizigo. Na Eliot, alipoitazama nchi ya juu yenye baridi, mvua na nyasi nyingi, aliamua kwamba mizigo hiyo italetwa na wakulima wa Kizungu. Mwezi Aprili mwaka 1902 sehemu ya mashariki ya Uganda, pamoja na Naivasha, Nakuru na Bonde la Ufa lote la kati, iliunganishwa na himaya yake. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya ardhi iliyomruhusu Kamishna kuuza ardhi au kuikodisha kwa muda wa miaka 99. Mwaka 1903 alimtuma ofisa wake kwenda Afrika ya Kusini kuwaita masetla, na masetla wakaja.

Hakuficha nia yake. Aliamini kuwa nchi ya juu ni ya Wazungu, na kwamba maslahi ya mwenyeji yakigongana na ya mgeni, ya mgeni ndiyo yatangulie. Aliwaona Wamasai kuwa ni watu ambao desturi zao zingefaa kutoweka. Na alipopita kwa gari la moshi kutoka Naivasha hadi Nakuru, akaona maili na maili za nyasi pasipo nyumba wala shamba, alisema nchi ni tupu.

Lakini nchi haikuwa tupu. Majina yenyewe yanashuhudia: Naivasha, Elmenteita, Nakuru, yote yatoka katika Kimasai. Mfugaji hakai mahali pamoja mwaka mzima. Huacha nyasi zipumzike akaenda kwingine, na msimu ukigeuka hurudi. Tena Wamasai walikuwa wametoka katika msiba mkubwa. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe wao, kisha ndui ikawaua watu. Malisho yalipungua wafugaji kwa sababu ya maradhi, si kwa sababu hayakuwa na wenyewe. Mwenye nyumba aliyelazwa kwa homa, nyumba yake haiwi mahame.

Hapa ndipo tunaposhangazwa na mtu huyu, kwa kuwa alikuwa na elimu ya kumwongoza. Sheria yetu ya Kiislamu yajua ardhi iliyokufa, na yajua kwamba anayeihuisha kwa kulima huwa na haki juu yake. Lakini wanachuoni wetu hawakuhesabu malisho ya watu kuwa ni ardhi iliyokufa. Malisho ni ya wote wanaoyategemea, na mmoja hawezi kuja akayazungushia ua. Hata sheria ya ardhi ya Uturuki ya mwaka 1858 ilitenga ardhi iliyokufa mbali na ardhi iliyoachiwa watu kwa malisho yao. Eliot alikaa Istanbul miaka, na aliiandikia Uturuki kitabu kizima. Elimu ilikuwamo kifuani mwake. Alipofika Nakuru hakuifungua.

MIKATABA YA NJORO NA NAIVASHA

Wa kwanza kupata kipande kikubwa alikuwa Lord Delamere, ambaye alikodishiwa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mahali hapo Wamasai hawakupapenda sana, na baadaye Delamere alijua sababu, kwani mifugo yake ilikonda na kufa kwa upungufu wa madini katika udongo.

Wa pili haikuwa mtu bali kampuni ya matajiri wa London, iliyoitwa East Africa Syndicate. Kampuni hii ilituma watu kutafuta madini, na katika safari zao waliona magadi mengi katika ziwa la Magadi. Iliomba ikodishiwe maili za mraba 500 katika Bonde la Ufa, yaani ekari 320,000, katika malisho bora kabisa. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje, chini ya Lord Lansdowne, ikaikubalia.

Wa tatu walikuwa Wazungu wawili waliotoka Afrika ya Kusini, Robert Chamberlain na A. S. Flemmer. Kila mmoja aliomba takriban ekari 32,000 katika bonde hilo hilo. Eliot akawaahidi.

Hapo ndipo kisa kilipoanza. Naibu wake, Frederick Jackson, aliyeishi Afrika ya Mashariki miaka mingi na kuwajua wenyeji, alikuwa likizoni Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1904. Aliieleza Wizara kwamba ardhi waliyoahidiwa wale wawili ni kiini cha malisho ya Wamasai, na wakinyimwa kutakuwa na hatari. Lansdowne akaleta amri kwamba Chamberlain na Flemmer wasipewe.

Eliot alikasirika mno. Hoja yake ilikuwa hii. Yeye amekwisha kutoa ahadi kwa jina la serikali, na ahadi ni deni. Tena ikiwa wale wawili wananyimwa kwa ajili ya Wamasai, vipi kampuni ya matajiri ipewe maradufu yao mara nyingi katika malisho yale yale ya Wamasai? Alikataa kuwa chombo cha upendeleo huo, na mwezi Juni 1904 akajiuzulu kwa simu ya waya. Kisa kikafika Bunge la Uingereza, barua zikachapishwa, na watu wa London wakagawanyika, huyu akisema Kamishna ameonewa, yule akisema amevuka mipaka.

FIDIA YA NANI?

Tukiipima hoja ya Eliot kwa haki, tutaona ina nusu ya ukweli. Ni kweli serikali yake ilipima kwa vipimo viwili. Mwenye mtaji mkubwa alipewa, mwenye mtaji mdogo akanyimwa. Na ni kweli mtu aliyeahidiwa ana la kudai. Chamberlain na Flemmer walidai, na maofisa wakawa na kazi ya kufikiri watu hao watulizwe kwa nini, kwa ardhi ya mahali pengine au kwa njia nyingine.

Lakini angalia, msomaji, ni nani waliomo katika mabishano hayo. Yumo Kamishna na heshima yake. Yumo Waziri na amri yake. Imo kampuni na mkataba wake. Wamo waombaji wawili na ahadi yao. Wote hawa walizungumza habari ya haki na fidia. Aliyekuwa akichunga ng'ombe Naivasha siku hiyo hiyo hakuwamo katika orodha ya wanaodai, kwa sababu hakuwa na karatasi. Hata wale waliomtetea walimtetea kwa kuogopa mkuki wake kuliko kwa kuitambua milki yake.

Na utetezi wenyewe uligeuka kuwa kuhamishwa. Eliot hakutaka Wamasai watengwe. Alitaka wabaki humo humo, wachanganyike na mashamba ya Wazungu. Aliyemfuata, Sir Donald Stewart, alifanya kinyume. Mwezi Agosti 1904 alikutana na Olonana na wazee wengine wa Kimasai, wakatia alama katika mapatano ya kuondoka Bonde la Ufa. Wengine wakaenda Laikipia kaskazini, wengine kusini ya reli, na wakaahidiwa kwamba makao hayo yatakuwa yao maadamu kabila lao lipo duniani. Sultani wetu kwa ardhi ya mwambao aliandikiwa kodi ya kila mwaka. Wamasai kwa Bonde la Ufa hawakuandikiwa kodi hata pauni moja.

Ahadi ile ya milele iliishi miaka 7. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine, na Wamasai wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini, kwa kuwa Laikipia nayo imetamaniwa na masetla. Mzee wao mmoja mashuhuri, Parsaloi ole Gilisho, alikataa. Yeye na wenziwe walitafuta mawakili na kuishitaki serikali. Kesi ilisikizwa Mombasa mwaka 1913. Watu wa mji wetu waliwaona wazee wa Kimasai wakija kutafuta haki penye mahakama za pwani. Walishindwa, wakakata rufani, na mwezi Desemba wakashindwa tena. Majaji walisema mapatano yale ni kama mikataba baina ya dola mbili, na mahakama haina uwezo wa kuyaingilia. Yaani walipotakiwa kuhama walikuwa raia watiifu, lakini walipotaka haki waliambiwa ni dola ya kigeni.

MAISHA BAADA YA KENYA

Eliot alirudi kwao, na mwaka 1905 akatoa kitabu juu ya himaya aliyoitawala, akijitetea. Tangu mwaka huo alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, na mwaka 1912 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Hong Kong. Mwaka 1918 serikali ilimkumbuka tena, ikampeleka Siberia wakati wa fujo za mapinduzi ya Urusi, kisha ikamfanya Balozi katika nchi ya Ujapani. Mwaka 1921 alitoa kitabu kikubwa cha dini za Kihindu na Kibudha, ambacho wanaosoma elimu hizo wanakitegemea mpaka leo. Alipostaafu alibaki Ujapani akisoma dini ya wenyeji. Hakuwa na mke wala watoto.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Mwingereza huyu aliyewaandikia Wahindi na Wajapani kwa heshima, akapekua maandiko yao herufi kwa herufi, ndiye yule aliyewatazama Wamasai kwa dirisha la gari la moshi na akaona amewamaliza kuwajua. Mwenye kitabu alimsikiliza. Asiye na kitabu hakumsikiliza.

HESABU ISIYOFUNGWA

Mbegu aliyoipanda ilikua. Mwaka 1915 sheria mpya iliongeza muda wa mikataba ya masetla kutoka miaka 99 mpaka 999. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1962 ulianza mpango wa kununua ekari milioni moja za masetla ili kuwapa Waafrika. Setla alilipwa, na bei ilipimwa kwa thamani ya mwaka 1959, kabla ardhi haijashuka bei kwa hofu ya uhuru. Fedha nyingi zilikuwa mikopo, na mwananchi aliyepewa kipande alitakiwa ailipe. Kwa hivyo aliyekodi kwa senti alilipwa kwa pauni, na mjukuu wa aliyehamishwa, kama alitaka kurudi, ilimpasa anunue.

Mwezi Agosti mwaka 2004, miaka 100 baada ya mapatano ya Olonana, Wamasai waliandamana wakidai ardhi irudi, na wengine waliingiza mifugo katika mashamba ya Laikipia. Serikali ilikataa madai yao. Katiba ya mwaka 2010 ilipunguza mikataba ya wasio raia iwe miaka 99 isizidi. Swali la fidia ya aliyehamishwa wala hakupewa karatasi halikufungwa na kifungu hicho.

Na sisi tusimcheke jirani. Mwaka 1908 ilitoka sheria ya kuandikisha ardhi ya mwambao. Katika sisi, waliojua kusoma na waliokuwa na mashahidi walikwenda kuandikisha, wakapata hati. Ndugu zetu Mijikenda wengi hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikaandikwa kuwa ya serikali. Leo maskwota wa pwani wanaishi katika ardhi ya babu zao kama wageni, na baadhi ya hati walizofukuziwa kwazo ni zetu. Karatasi ni kitu kizuri, nayo dini yetu imetuamrisha kuandikiana madeni. Lakini karatasi ni shahidi wa haki, haiwezi kuizaa. Atakayesimama mbele ya Mola wake na hati mkononi ataulizwa ardhi aliipataje, na shibiri moja iliyochukuliwa kwa dhulma ina uzito tuliofunzwa sote tangu chuoni.

Sir Charles Eliot aliugua huko Ujapani, akapanda meli ya Kijapani kurudi kwao. Hakufika. Alifariki tarehe 16 Machi 1931 meli ikiwa katika bahari ya upande wa Malaka, na maiti yake ikazikwa baharini. Yule aliyegawa maelfu kwa maelfu ya ekari katika Bonde la Ufa hakupata hata dhiraa nne za udongo wa kumsitiri. Ardhi yote aliyoigawa ilibaki pale pale ilipokuwa, na mabishano juu yake yangali yapo. Mwenye kuzingatia na azingatie.